Mate ya Fundi Masinde

Huyu Masinde alikuwa jirani wa dada yangu huko Kamwokya, ukuta mmoja, mlango kwa mlango. Kwa hiyo haya sikuyaokota barabarani. Mengine dada aliyasikia mwenyewe kupitia ukuta huo, na mengine aliambiwa na Vera, mke wa Masinde, walipokuwa wamekaa kibarazani wanachagua mchele. Kuta za vyumba vya kupanga Kamwokya hazifichi kitu. Mwenzako akikuna mgongo, unajua ni upande gani.

Masinde alikuwa fundi wa mazulia ya hariri. Sizungumzii hayo mazulia ya nailoni yanayokatwa kwa mita sokoni. Nazungumzia hariri yenyewe, ile ambayo ukichoma uzi wake mmoja unanuka kama nywele zilizoungua. Kwao ni Bungoma. Kazi alijifunzia Nairobi kwa Mhindi mmoja mkali, na baada ya vita vya themanini na sita akavuka mpaka, maana alisikia kwamba Kampala kumezuka watu waliotajirika ghafla na hawajui kutunza walichokipata. Alisikia sawasawa. Miaka ya tisini, simu ya mkononi ikiwa bado pambo la wakubwa, ilikuwa shida kupata sebule ya maana kuanzia Kololo hadi Ntinda ambayo Masinde hajapiga magoti ndani yake.

Na alivyowadharau watu wale! Mtu ananunua zulia lililofumwa kwa mikono miaka na miaka, analikanyaga na viatu vya kutoka shambani. Anamwaga mvinyo, anamwaga mchuzi wa karanga, mbwa wake anatapika pale pale, halafu anamsimamia fundi kichwani kana kwamba fundi ndiye doa. Masinde aliwaitikia "ndiyo, mheshimiwa" huku moyoni akiwaona wajinga wa kupindukia. Sikatai, wengi wao walikuwa hivyo.

Alikuwa na siri yake. Doa likishatoka likabaki kivuli tu, alisubiri mwenye nyumba ageuke, akatema mate kwenye ncha ya kitambaa cheupe na kukibonyeza taratibu. Mate hutoa doa kweli, mafundi wa zamani wanalijua hilo. Lakini Masinde hakutema kwa ajili ya doa peke yake. Jioni, kwenye kilabu cha pombe, alijisifu mbele ya kila mtu. "Wanakula biskuti juu ya mate yangu," alisema, na watu wakaanguka kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa rafiki yake Okinyi, Mjaluo wa Kisumu, dereva wa matajiri fulani wa Ntinda.

Mdomo ndio uliokuwa mali ya Masinde. Alikuwa na sauti nzito, ya kuimbisha kanisani bila kipaza sauti. Kila akirudi nyumbani, kabla hajavua viatu, aliita kutoka mlangoni, "Mama Nakhisa, sufuria inasemaje?" Na Vera alijibu, "Inasema ukae chini." Kila siku ya Mungu. Dada yangu alikuwa anajua saa ya kuwasha jiko lake kwa kusikia maneno hayo.

Wiki hiyo mdomo huo ulikuwa na kazi kubwa. Mdogo wake, Wanjala, alikuwa amepata binti wa Kiganda, na Jumamosi ndiyo ilikuwa kwanjula, siku ya bwana harusi kupelekwa kwa wakwe kutambulishwa. Kwenye kwanjula kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao hurushiana maneno kutwa nzima mbele ya watu. Msemaji akikwama, upande wake umeaibika, na binti anaweza kubaki kwao. Msemaji wa Wanjala alikuwa Masinde. Hawakuwa na mwingine. Kiganda chake chenye lafudhi ya Bungoma kiliwachekesha Waganda wenyewe, na wazee kutoka nyumbani walikuwa wameshaanza safari.

Jumanne asubuhi Okinyi akaja na gari la bosi wake kumchukua, akasafishe zulia la bosi huyo. Lilikuwa jua la kawaida, barabara ya Ntinda imefunga kama kawaida, na Masinde alikuwa akifanyia mazoezi vijembe vya Jumamosi kwenye kiti cha nyuma huku Okinyi akicheka na kupiga usukani.

Nyumba ilikuwa juu kilimani, honi za magari zikisikika kwa mbali. Wenyewe waliitwa Ssalongo na Nnalongo, kama Waganda wanavyowaita baba na mama waliozaa mapacha. Ssalongo alikuwa amekaa verandani na jagi la maji kando yake. Masinde akamsalimia. Hakuitikia. Alijimiminia glasi, akanywa yote, akajimiminia nyingine. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka kama ugali uliosahauliwa mezani. Masinde akasema moyoni, tazama, pesa zote hizi na salamu imemshinda.

Nnalongo akatoka, mnene, ananukia, bangili hadi kwenye kiwiko. Alimtazama fundi kuanzia viatu kwenda juu na hakufika usoni.

"Wewe fundi, sikia," akasema. "Hii Kiswahili mimi sipendi, ni ya askari, lakini nyinyi Wakenya hamujui ingine. Fanya kazi yako. Lakini usitupe mate kwa zulia yangu."

"Mate, nnyabo?" Masinde akauliza, akimwita bibi kwa Kiganda.

"Mate! Nyinyi watu munatema-tema kila mahali kama mbuzi mugonjwa. Hata kidogo sitaki. Hiyo mudomo yako muchafu ichunge."

Masinde akasema "ndiyo, nnyabo", lakini damu ilimpanda mpaka masikioni. Katika miaka yake yote ya kudharauliwa hakuwahi kuchambwa hivyo kabla hata hajafungua begi la vifaa.

Zulia lilikuwa la Kashmiri, la zamani, rangi ya komamanga. Hata yeye aliinama kwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa ya zulia. Katikati palikuwa na doa la maji, la mviringo, kama upana wa sahani. Watu hudhani maji hayachafui. Kwa hariri, maji ni adui mkubwa kuliko mvinyo, huacha duara lisilotoka. Akaligusa kwa vidole. Lilikuwa bichi, tena baridi, kana kwamba mtu amemwaga sasa hivi.

Akachukua kitambaa cha pamba, akabonyeza ili kukausha.

Kitambaa kikatoka kikavu.

Akajaribu kingine, akakandamiza kwa kiganja na uzito wake wote. Kikavu. Akagusa tena kwa kidole. Bichi. Akajiambia labda ni mafuta ya aina fulani. Akachanganya maji baridi na tone la siki, kama alivyofundishwa, akalowesha kitambaa na kukilaza juu ya doa. Akageuka kuchukua brashi. Alipotazama tena, kitambaa kilikuwa kimekauka, kimejikunja pembe zake kama jani.

Ndipo akasikia mtu anameza.

Si verandani. Hapo hapo chini, karibu na goti lake. Gluk. Kama mgonjwa anayenyweshwa kwa kijiko.

Masinde akabaki ameganda. Honi zilisikika kwa mbali. Saa ya ukutani iligonga. Akainamisha kichwa, polepole, sikio likakaribia hariri. Pumzi ya baridi ikamgusa shavuni.

"Maji," ikanong'ona.

Akaruka. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati la vyombo. Na kama angekuwa mtu mwingine angebeba begi lake akashuka kile kilima kwa miguu, na leo angekuwa anaongea kwa sauti yake mwenyewe. Mimi ningeshuka bila hata begi. Lakini Nnalongo alikuwa amesimama mlangoni, leso puani, anamtazama.

"Umeshindwa?" akauliza. "Nilijua. Nitaita fundi wa kweli."

Hofu ya Masinde ikageuka hasira papo hapo. Akasema hajashindwa. Nnalongo akasonya, akageuka, akaenda. Hakwenda haraka. Bangili zake zilisikika hatua kwa hatua ukumbini, kisha zikanyamaza.

Masinde akarudi, akapiga magoti juu ya lile doa. Safari hii hakutumia kitambaa. Alivuta mate kutoka kooni, yote, akayatema katikati kabisa.

"Haya," akasema. "Kunywa."

Likanywa. Doa likaanza kukauka kuanzia ukingoni, likasinyaa mpaka ukubwa wa kikombe, mpaka ukubwa wa shilingi, likaisha. Hariri ikang'aa kama mpya. Wakati huo huo glasi ikaanguka verandani na kuvunjika, na mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha kutoa kitu kilichokwama.

Nnalongo akapita sebuleni mbio. Hata hakulitazama zulia. Masinde alimsikia akilia huko nje, akisema mambo kwa Kiganda, haraka haraka. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akamwendea fundi, yule mwenye mdomo mchafu, akapiga magoti mbele yake kama mwanamke wa Kiganda anavyomwamkia mtu wa heshima.

"Weebale nnyo, ssebo," akasema. "Asante sana."

Masinde akavimba kichwa. Alitaka kusema neno la kumkata maini, neno la kwenda kulisimulia kilabuni, lakini ulimi ulikuwa umegandana na kaakaa. Akaishia kutikisa kichwa tu.

Ndani ya gari aliomba maji kwa ishara. Okinyi akadhani ni mzaha.

Jioni ile dada yangu alikaa akisubiri kusikia habari za sufuria ili awashe jiko. Hakusikia kitu. Alisikia mlango ukifunguliwa, viatu vikivuliwa, na kimya. Halafu sauti ya Vera, "Baba Nakhisa? Mbona hivyo?" Halafu maji yakimiminwa. Na tena. Na tena.

Jumatano hakuongea. Alifungua mdomo ikatoka pumzi tu, kavu, kama mtu anayepuliza makaa. Yaliyompata Ntinda alimwandikia Vera kwenye karatasi, matusi ya Nnalongo neno kwa neno. Daktari alimmulika kooni na kusema koo ni zima kabisa, hajui amwandikie nini. Kanisani waliomba mpaka wakachoka. Alhamisi wazee wakafika kutoka Bungoma na kanzu zao za kuazima, wakamkuta msemaji wao amekaa mkekani na dumu la maji, anawatazama. Wanjala alilia waziwazi, mtu mzima. Hapakuwa na muda wa kutafuta msemaji mwingine, na hata wangempata, nani angesimama mbele ya Waganda kama Masinde?

Vera alimwinua mumewe ili akung'ute mkeka. Mahali alipokuwa amekaa palikuwa na doa la maji, la mviringo. Akaweka kitambaa.

Kikatoka kikavu.

Ijumaa akaenda Ntinda. Vera alikuwa mwanamke mpole, wa kuongea chini, dada yangu hajawahi kumsikia akimtukana hata kuku. Alifika getini mchana, akainua mkono kubisha, mkono ukabaki hewani.

Ndani mumewe alikuwa anacheka.

Sauti ile ile nzito. Ilikuwa inamgombeza mtunza bustani, Kiganda chenye lafudhi ya Bungoma, vijembe vile vile. Vera akasukuma geti. Hapakuwa na Masinde. Alikuwa Ssalongo, amesimama kwenye ngazi na suti yake, midomo laini, anang'aa afya. Alimwona Vera na akanyamaza. Hawakuwahi kuonana maishani. Uso wake ukababaika, kama mtu anayetapika asichokula, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama Nakhisa," akasema. "Sufuria inasemaje?"

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Vera aliniambia — samahani, alimwambia dada yangu — kwamba nusura ajibu. Miaka mingi ya mazoea. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

Nnalongo akamvuta kando, chini ya kamba ya nguo. Hakuwa na kiburi tena, lakini aibu pia hakuwa nayo. Akasema kwa kunong'ona. Nyumba hii haikuwa yao. Ilikuwa ya mzee wa Kinubi, Abdul-Karim. Wakati wa vita watu wake walikimbia, yeye alikuwa mgonjwa, wakamwacha. Ssalongo, enzi hizo mchuuzi tu, aliingia kutafuta cha kubeba. Akamkuta mzee amelala juu ya lile zulia, na mzee akamwomba maji.

"Akamupa?" Vera akauliza.

"Akamutemea mate."

Mzee alikufa hapo hapo mdomo wazi. Nyumba wakaichukua, na zulia pia, kwa sababu lilikuwa zuri. Siku hiyo hiyo Ssalongo akanyamaza, na hakutamka neno tena mpaka Jumanne.

"Mganga alisema itamuachia, kama mutu mwingine atatema mahali hapo," Nnalongo akasema. "Lakini lazima iwe ya dharau. Ukimuomba atemee, haifanyi. Ukimulipa, haifanyi. Lazima moyo wake wenyewe utake."

"Ndiyo sababu ulimutukana."

"Nilitukana wengi, bambi, maskini wewe. Wote walikuwa na adabu."

"Na nani alikwambia mume wangu anatema?"

Nnalongo akamtazama kama anashangaa swali lenyewe. "Okinyi. Anapenda kunichekesha njiani. Huyo anaongea sana."

Vera akarudi Kamwokya kwa miguu.

Jumamosi asubuhi uani palikuwa na shamrashamra. Wazee wamevaa kanzu, akina mama wamefunga vikapu vya zawadi, Wanjala amekaa kwenye ngazi na uso wa mfungwa. Okinyi alikuja na gari, amenyoa, ananukia, maana yeye ndiye aliyekuwa awaendeshe. Dada yangu alikuwa chumbani kwake anapiga mswaki. Akamsikia Vera anamwita Okinyi ndani, amsaidie kumwinua Masinde. Wakamwinua, wakamkalisha kitandani. Mkeka ukabaki wazi sakafuni.

"Okinyi," Vera akasema. "Usitupe mate kwa mkeka wangu."

"Ati nini, shemeji?"

"Umesikia. Nyinyi madereva munanuka mudomo. Unabebea wenzako maneno kwa matajiri kama mbwa na mufupa, halafu unaingia kwangu na hivyo viatu. Takataka wewe. Hata mama yako angekuona leo angeziba pua."

Dada yangu aliacha kupiga mswaki. Hakuamini ni Vera. Ilikuwa sauti ya Vera lakini maneno yalitoka moja moja, kama mtu anayesoma. Akasogea, akaweka sikio ukutani.

Kitanda kililia. Masinde alikuwa anajaribu kusimama. Au kuzuia. Hatutajua.

Okinyi akacheka kidogo, cheko la kuumia. Halafu akasafisha koo.

Na dada yangu, mdomo umejaa povu la dawa ya meno, akakereka na Vera, mwanamke mkarimu kugeuka hivyo mbele ya wageni. Akatema. Akatema pale pale chini ya ukuta, kwa kuchukizwa, bila kufikiri.

Upande wa pili kitu kikameza. Gluk.

Kwanjula ilifana. Waulizeni waliokuwepo. Masinde alisimama mbele ya wakwe akawajibu kijembe kwa kijembe, watu wakapiga vigelegele, Wanjala akapewa mke wake. Ila wazee wa Bungoma hawakucheka. Walikaa wameshika magoti, wanamtazama. Wanjala alikuwa anamtazama pia. Mdomo ulikuwa wa Masinde, lakini sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, na lafudhi ilikuwa ya Kisumu.

Okinyi aliwaendesha kwenda na kurudi bila neno. Jioni aliegesha gari la Nnalongo mbele ya geti lake, akaacha ufunguo ndani na kuondoka kwa miguu. Kilabuni hawakumwona tena. Wanasema kiti cha dereva ukikigusa ni kibichi, na Ssalongo ameshindwa kuliuza gari hilo.

Masinde bado anafanya kazi. Hatemi siku hizi. Kila jioni anasimama mlangoni kabla hajavua viatu, anaita, "Mama Nakhisa, sufuria inasemaje?", kwa sauti ya Okinyi. Vera hupakua chakula, akakiweka mezani. Hajajibu hata siku moja.

Nilipokwenda kumtembelea dada alinionyesha ukuta wake. Chini, kwenye saruji, kuna duara la unyevu kama upana wa sahani. Mwenye nyumba amepiga plasta, na limerudi juu ya plasta. Nilitoa leso yangu nikaibonyeza hapo kwa nguvu, nikaitazama. Dada hakuitazama. Alikuwa anajua itatoka kavu. Sauti yake bado anayo, lakini duara linamsubiri. Siku hizi akipiga mswaki hatemi, anameza.